Seli Hai Juu ya Chipu: Kipimo Ambacho Maabara za Mpanda Zinakihitaji

Mjamzito anafika zahanati akilalamikia maumivu chini ya kitovu na mkojo unaochoma. Mtaalamu wa maabara anachovya kijiti cha kupimia kwenye kikopo cha mkojo, anasubiri dakika mbili, kisha anakilinganisha na rangi zilizochapwa ubavuni mwa kopo la vijiti. Kibandiko cha chembe nyeupe kimegeuka zambarau. Tabibu anaandika antibiotiki, na mama anarudi nyumbani Misunkumilo, Makanyagio au Kakese na vidonge vyake. Hadi hapo hakuna aliyekosea. Hata hivyo, swali zito kuliko yote halijapata jibu: je, mkojo ule una bakteria walio hai, na je, dawa aliyopewa inawazuia?

Njia iliyopo ya kulijibu ni kuotesha. Mkojo unapakwa kwenye sahani yenye chakula cha bakteria na kuachwa usiku kucha kwenye joto la nyuzi 35 hadi 37. Kesho yake bakteria waliomea wanatandazwa kwenye sahani nyingine, juu yake vikipangwa vikaratasi vya duara vilivyolowekwa dawa mbalimbali. Keshokutwa mtaalamu anashika rula na kupima upana wa eneo tupu lililozunguka kila kikaratasi: likiwa pana, dawa inafanya kazi, likiwa jembamba au lisipokuwepo, bakteria ni sugu. Kazi hii inataka maabara safi, vitendanishi visivyokatika na wataalamu waliofunzwa, mambo ambayo zahanati hazina. Sampuli inayotoka Mpanda kwenda Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya inasafiri zaidi ya kilomita 500 kupitia Sumbawanga.

Gharama ya kukosa jibu inajulikana. Utafiti wa HATUA, uliofanyika Tanzania, Kenya na Uganda kwa wagonjwa wenye dalili za maambukizi ya njia ya mkojo, na ambao kwa upande wetu uligusa Mbeya, Kilimanjaro na Mwanza, ulionyesha kwamba ni takribani theluthi moja tu ya wagonjwa waliothibitika kuwa na maambukizi baada ya mkojo wao kuoteshwa. Na kati ya bakteria waliopatikana, sehemu kubwa ilikuwa sugu kwa makundi kadhaa ya dawa. Maana yake ni kwamba wapo wengi wanaomeza antibiotiki wasiyoihitaji, na wapo wanaoihitaji lakini wanapewa isiyowafaa.

Ipo teknolojia inayoweza kuzifupisha siku hizo tatu: safu za transista zinazohisi kemikali, ambazo juu yake seli hai huwekwa na kazi yake kupimwa papo hapo. Msimamo wangu ni kwamba teknolojia hii inaufaa mkoa kama Katavi, ambamo Mpanda imo, kwamba mahali pake pa kwanza ni kwenye mkojo kabla ya TB na malaria, na kwamba ugumu uliobaki uko kwenye uandaaji wa sampuli, uhakiki na ugavi kuliko kwenye chipu yenyewe.

Kutafuta alama, kutafuta kazi

Vipimo vingi tunavyovitegemea vinatafuta alama ya kimelea. Kipimo cha haraka cha malaria, mRDT, kinanasa protini iitwayo HRP2 inayotolewa na Plasmodium falciparum. Protini hiyo hubaki kwenye damu kwa wiki kadhaa baada ya dawa mseto kuviua vimelea, hivyo mtu aliyepona anaweza kupimwa na kuonekana ana malaria. GeneXpert, iliyoidhinishwa na Shirika la Afya Duniani Desemba 2010, inatafuta vinasaba vya bakteria wa TB kwenye makohozi na kutoa jibu kwa takribani saa 2, pamoja na kuonyesha usugu dhidi ya rifampisini. Ni hatua kubwa ambayo imeokoa maisha. Lakini DNA ya bakteria aliyekufa nayo huonekana, na ndiyo sababu kipimo hicho hakitumiki kumfuatilia mgonjwa aliye katikati ya dozi.

Kundi la pili la vipimo linatafuta kazi: kupumua, kula, kugawanyika. Mrija wa MGIT unaotumika kuotesha TB una kemikali chini yake inayong'aa oksijeni inapopungua. Bakteria wakipumua, oksijeni inakwisha, mrija unang'aa na mashine inasoma. Hicho ni kipimo cha uhai kwa maana kamili, ila mrija unaweza kukaa hadi siku 42 kabla ya kutangazwa kuwa hauna bakteria.

Kati ya makundi hayo mawili kuna kazi ambayo Watanzania wameishika kwa mikono yao. Kipimo cha TB-MBLA, kilichoendelezwa katika Chuo Kikuu cha St Andrews, Scotland, na watafiti akiwemo Mganda Wilber Sabiiti, kinahesabu RNA ya ribosomu ya bakteria, molekuli isiyodumu kama DNA baada ya seli kufa. Kituo cha Mbeya cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, na Hospitali ya Kibong'oto mkoani Kilimanjaro zimeshiriki kukijaribu kwa wagonjwa, na majibu yake hupatikana kwa saa badala ya wiki. Kazi hiyo inathibitisha kwamba kumtenganisha bakteria hai na mfu ni hitaji la wodi zetu wenyewe, na kwamba tunao watu wa kulifanyia utafiti.

Transista inavyohisi asidi

Seli inayofanya kazi hutoa mabaki. Inavunja sukari ili ipate nguvu, na kinachobaki, hasa asidi ya laktiki na kabonidayoksaidi, huongeza ayoni za haidrojeni kwenye maji yanayoizunguka. Seli moja ya mamalia hutoa takribani ayoni milioni 100 kila sekunde. Ikikutana na dawa inayoidhuru, kasi hiyo inaweza kubadilika ndani ya dakika, muda mrefu kabla seli haijafa. Ukipima asidi, umepima kazi.

Transista ya kawaida, kama mabilioni yaliyomo ndani ya simu, ina ncha mbili ambazo umeme hupita kati yake, na lango juu yake. Volti iliyopo kwenye lango ndiyo inayoamua umeme upite kiasi gani, kama mkulima wa mpunga wa Mwamkulu anavyoinua au kushusha kizuizi cha mfereji kuamua maji mangapi yaingie jarubani. Mwaka 1970 Piet Bergveld, mhandisi wa Chuo cha Ufundi cha Twente, Uholanzi, aliondoa chuma cha lango na kuacha tabaka jembamba la oksidi liguse kimiminika moja kwa moja. Ayoni za haidrojeni zikinata juu ya oksidi hiyo, au zikibanduka, umeme unaopita chini yake hubadilika. Kifaa hicho kikaitwa ISFET. Bergveld alikuwa anatafuta njia ya kupima neva, kwa hiyo tangu siku ya kwanza kifaa hiki kilikusudiwa kwa ajili ya seli hai.

Ishara yake ina ukomo unaowekwa na maumbile. Kwa joto la nyuzi 25, badiliko la pH moja zima, ambalo ni ongezeko au pungufu la ayoni mara 10, haliwezi kuzidi takribani milivolti 59. Oksidi ya silikoni peke yake haifiki hapo. Nitridi ya silikoni, oksidi ya alumini na hasa oksidi ya tantalumu zinakaribia. Badiliko la pH la sehemu moja ya mia, ambalo ndilo ukubwa wa ishara tunazozizungumzia kwa seli chache, linatoa milivolti 0.6 hivi. Shida nyingi za teknolojia hii zinatoka kwenye udogo huo.

Kutoka transista moja hadi mamilioni

Hatua ya kwanza kubwa ya kupima seli kwa silikoni haikutumia ISFET yenyewe. Harden McConnell wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzake walitumia kipande cha silikoni kinachosomwa kwa mwanga, na mwaka 1992 wakaeleza katika jarida la Science kifaa walichokiita Cytosensor. Seli ziliwekwa kwenye chumba chembamba, maji ya chakula yakapitishwa, kisha pampu ikasimamishwa kwa muda mfupi ili asidi ijikusanye. Mteremko wa pH wakati pampu imesimama ndio uliokuwa kasi ya kazi ya seli. Pampu ikirudi, taka inasombwa na kipimo kinaanza upya. Mbinu hiyo ya kusimamisha na kuachia ingali msingi wa kazi hii.

Rostock, Ujerumani, timu ya Werner Baumann iliendeleza chipu zilizounganisha vihisio vitatu mahali pamoja: ISFET kwa asidi, elektrodi kwa oksijeni, na vidole vya metali vya kuonyesha kama seli bado zimeshikilia sakafu. Uunganishaji huo una maana kubwa, kwani seli inaweza kupunguza asidi kwa sababu imekufa, au kwa sababu imebadili tu njia yake ya kupata nguvu. Kihisio kimoja hakiwezi kutofautisha mambo hayo mawili; vitatu vinaweza.

Chuo Kikuu cha Glasgow kikaipeleka hoja mbele. Mwaka 2005 Mark Milgrew, David Cumming na mwenzao walieleza chipu yenye ISFET 256, zilizopangwa 16 kwa 16, iliyokusudiwa kuonyesha picha ya ayoni zinavyosambaa nje ya seli. Hapo wazo la safu likapata maana kamili. Transista nyingi zinaruhusu mambo matatu ambayo moja haiwezi. Kwanza, makosa ya bahati nasibu hupungua ukichukua wastani wa nyingi. Pili, zile zisizo na seli juu yake zinakuwa shahidi: chochote kinachotokea kwenye zote kwa pamoja ni kelele ya kifaa, na kinachotokea penye seli peke yake ni kazi ya seli. Tatu, chipu moja inaweza kugawanywa vyumba, kila chumba na dawa yake, ikafanya kwa mpigo kazi ya sahani nzima ya vikaratasi.

Kilichoifanya teknolojia ijulikane duniani kilikuwa kusoma vinasaba. Julai 2011 Jonathan Rothberg na kampuni ya Ion Torrent walieleza katika Nature chipu zenye ISFET zaidi ya milioni moja. Kila herufi ya DNA inapoongezwa kwenye uzi unaojengwa, ayoni moja ya haidrojeni hutoka, na transista iliyo chini inaihisi. Mlipuko wa E. coli O104:H4 ulipoikumba Ujerumani mwaka huohuo, mashine hizo zilisoma vinasaba vya bakteria huyo ndani ya siku chache. Kazi hiyo haikuhusu seli hai, lakini ilithibitisha jambo muhimu kwa bei: chipu hizi zinatengenezwa kwenye viwanda vilevile vinavyotengeneza chipu za kamera na simu.

Imperial College London ikafuata njia hiyo kwa maradhi yanayotugusa. Mwaka 2016 chuo hicho na kampuni ya DNA Electronics walieleza kifaa chenye umbo la flashi ya USB kinachopima wingi wa VVU kwa chini ya dakika 30 kutoka kwenye tone la damu, kikiwa na usahihi wa asilimia 95 katika sampuli 991. Mwaka 2019 timu ya Pantelis Georgiou ikaonyesha chipu ya ISFET inayotambua malaria ya falciparum pamoja na badiliko la kinasaba linaloashiria usugu dhidi ya artemisinini.

Ugumu uko wapi

Anayetaka kuileta teknolojia hii Mpanda inampasa akabiliane na mambo manne.

La kwanza ni kuhama kwa kipimo. ISFET iliyozama kwenye maji hubadilika yenyewe kidogo kidogo, kwa sababu oksidi yake inanyonya maji. Ikihama milivolti moja kwa saa, hiyo ni sawa na pH 0.017, kiasi ambacho kinaweza kufunika kabisa ishara ya seli chache. Transista mashahidi zinasaidia, ila haziondoi haja ya kuhakiki kifaa kwa vimiminika vyenye pH inayojulikana, kila mara kabla ya kupima.

La pili ni joto. Kiwango cha milivolti kwa kila pH hubadilika kwa takribani 0.2 kwa kila nyuzijoto moja, na transista yenyewe inayumba zaidi ya hapo. Chumba cha maabara kisicho na kiyoyozi mwezi wa Oktoba hakifanani na chumba cha Glasgow. Lazima chipu ijipime joto na ijirekebishe.

La tatu ni elektrodi rejea. Transista inalinganisha volti yake na kitu kisichobadilika, kwa kawaida waya wa fedha uliopakwa kloridi ya fedha na kuzamishwa kwenye chumvi. Ni kitu kidogo, lakini kikikauka au kikichafuka, vipimo vyote vya chipu vinapotoka kwa pamoja bila onyo.

La nne, na kwa maoni yangu ndilo zito kuliko yote, ni sampuli. Damu ina mfumo wa kuzuia mabadiliko ya pH, nao huumeza uasidi unaotolewa na vimelea. Mkojo nao unatofautiana: wa mtu mmoja unaweza kuwa na pH 5 na wa mwingine 8. Kwa hiyo haitoshi kudondosha sampuli juu ya chipu. Bakteria lazima watenganishwe na mkojo kwa kichujio au mashine ya kuzungusha, waoshwe, kisha wawekwe kwenye chakula chenye uwezo mdogo wa kuzuia pH. Na si kila bakteria huongeza asidi: Proteus huivunja urea na kutoa amonia, kwa hiyo pH hupanda panapobaki urea. Programu inayosubiri kushuka tu itamtangaza mgonjwa kuwa mzima.

Tuanze wapi

Ukipima mahitaji ya Katavi kwa vigezo hivyo, mpangilio unajitokeza wenyewe.

TB ina hitaji kubwa, lakini bakteria wake hugawanyika mara moja kwa takribani saa 20. Asidi yake ni kidogo na huja polepole, na kifaa kinachohama kila saa hakiwezi kusubiri siku nyingi. Kwa TB, njia ya RNA iliyojaribiwa Mbeya na Kibong'oto iko karibu zaidi na mgonjwa.

Malaria inavutia kisayansi. Chembe nyekundu iliyoingiwa na kimelea hula sukari na kutoa asidi ya laktiki mara makumi kuliko chembe nzima. Lakini mgonjwa wa kawaida anaweza kuwa na kimelea kimoja kwa maelfu ya chembe, na kelele za chembe nzima zinaifunika ishara. Tena mRDT ipo, ni rahisi, na haitaki umeme. Nafasi ya chipu ni kwenye maabara za utafiti. Kagera imethibitika kuwa na badiliko la R561H linalohusishwa na vimelea kuchelewa kuisha baada ya artemisinini. Kulithibitisha jambo hilo kwa vimelea hai kunataka viachwe kwenye dawa saa 6, kisha vilivyosalia vihesabiwe kwa hadubini siku ya tatu. Hapo kifaa kinachosoma kazi ya kimelea mfululizo kinaweza kuokoa muda na macho ya wataalamu.

Maji ni jaribu jingine la kutazamwa kwa makini, hasa kwa Misunkumilo yenye Bwawa la Milala na viboko wake. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka pasiwe na E. coli hata mmoja katika mililita 100 za maji ya kunywa. Hakuna transista itakayosikia asidi ya bakteria mmoja katika maji mengi kiasi hicho. Ni lazima wakusanywe na wapewe muda wa kuzaana, na ukishafika hapo faida ya kasi imepungua.

Mkojo ni habari nyingine. Kiwango kilichozoeleka cha kusema pana maambukizi ni bakteria 100,000 kwa kila mililita. Hao ni wengi tayari. E. coli, mhusika mkuu wa maradhi haya, akipata chakula na joto zuri hugawanyika kila dakika 20 hivi. Ndani ya saa 3 mmoja anaweza kuwa 512. Gawa chipu vyumba vinane, kimoja bila dawa na saba vyenye dawa zilizopo kwenye mwongozo wa matibabu nchini: chumba kisicho na dawa kikibadili pH, bakteria wako hai, chumba chenye dawa kikitulia, dawa hiyo inafaa. Swali la siku tatu linaweza kujibiwa mgonjwa akiwa bado kwenye benchi, au kabla ya jioni.

Masharti ya kufanikiwa

Tumejifunza kwa GeneXpert kwamba mashine ni mwanzo tu. Kikasha chake cha kupima TB kiliuzwa dola 9.98 kwa nchi zetu kwa miaka mingi, hadi Septemba 2023 kiliposhuka kuwa dola 7.97 baada ya shinikizo la mashirika ya afya. Kinachogharimu ni kile kinachotupwa kila baada ya kipimo. Chipu ya silikoni ikiwa ndani ya kikasha cha kutupwa, bei yake itaamua kama kipimo kitafika zahanati au kitaishia hospitali ya mkoa. Ni busara zaidi kutaka muundo ambao chipu inaoshwa na kutumika tena, na kinachotupwa ni chumba cha plastiki na kichujio tu. Majadiliano hayo yafanyike kabla ya kusaini ununuzi, wakati bado tuna sauti.

Umeme nao una neno lake. Mpanda ilitegemea jenereta za dizeli kwa miaka mingi, nje ya Gridi ya Taifa, na watu wa maabara wanajua maana ya umeme kukatika sahani zikiwa kwenye joto. Chipu hutumia umeme mdogo kiasi cha kuendeshwa na betri. Mlaji mkubwa ni kipasha joto cha kuweka nyuzi 37. Ikiwa kipimo ni cha saa 3, betri na paneli ya jua vinatosha. Hilo ni jambo ambalo kuotesha kwa usiku mbili hakuwezi kulidai.

Upande wa watengenezaji, Afrika Mashariki haianzi patupu. Nyeri, Kenya, kampuni ya Semiconductor Technologies Limited inafanya kazi ndani ya Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi. Si lazima chipu nzima itengenezwe hapa. Kupaka tabaka la kuhisi, kujenga vyumba vya plastiki, kuandika programu na kuhakiki kila shehena ni kazi ambazo wahandisi wetu wanaweza kuzifanya, na zinabakiza ujuzi karibu na mtumiaji.

Kisha kuna sheria na ushahidi. Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba haiwezi kuridhia kifaa kwa kuangalia makala za London au Glasgow. Inahitaji data za mkojo wa Watanzania, wenye bakteria wa Kitanzania na usugu wao, kwenye joto la vyumba vyetu. Mpango wa Taifa wa kupambana na usugu wa vimelea umekuwepo tangu 2017, na unatoa nafasi ya kuifanya kazi hii.

Ombi langu kwa NIMR, chuo kikuu cha afya cha MUHAS na vyuo vyetu vya uhandisi ni kwamba jaribio la kwanza lisifanyike Dar es Salaam pekee. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Katavi iwe kituo kimojawapo, mkojo uliokusanywa kwenye zahanati za kata ugawanywe mara mbili, nusu ipite kwenye chipu na nusu ioteshwe kwa njia ya kawaida, na anayesoma upande mmoja asijue jibu la upande wa pili. Mambo matatu yaandikwe wazi kwenye ripoti: muda wa jibu, bei ya kila kipimo, na idadi ya bakteria sugu ambao chipu iliwaita dhaifu. Hilo la tatu ndilo litakaloamua, kwa sababu kosa la namna hiyo linampeleka mgonjwa nyumbani na dawa isiyomfaa akiwa na imani kwamba amepimwa. Idadi hiyo ikiwa ndogo vya kutosha, serikali iwe na sababu ya kununua. Ikiwa kubwa, kifaa kirudi kwa wahandisi, na data hizo ziwe zao za kuanzia.